Somo la Upinde: Mshale Unaponepa



Juma lililopita tulijifunza kupima urefu wa mvuto wa upinde, na leo nilikusudia kuanza habari za manyoya ya mshale. Nimeyaweka kando manyoya kwa sababu ya barua iliyonifikia. Imeandikwa na ndugu yetu mmoja anayekaa Missouri, katika Marekani, ambaye alipata leseni ya kuwinda kulungu kwa upinde. Alinunua upinde wa kapi wenye nguvu ya ratili 65, pamoja na mishale sita ya bei nafuu. Alipojifunza shabaha kwa vyembe vya mazoezi, vile vya mviringo, alipiga vizuri. Msimu ulipofungua akavitoa vyembe hivyo, akafunga vya kuwindia vyenye makali, akaingia msituni bila kujaribu hata kimoja.

Kulungu alikuja, akasimama hatua ishirini, ubavu wazi. Mshale ukaondoka ukitikisa mkia, ukampata tumboni badala ya kifuani. Ndugu yetu alifuata damu mpaka giza likamzuia, akarudi kesho yake alfajiri, asimwone tena. Anauliza: "Je, kosa lilikuwa la mkono wangu au la mshale?"

Ndugu yangu, kutokujaribu vyembe ni kosa lako, nami sitakuficha. Walakini umeniandikia kwamba mishale yako ina urefu wa inchi 30, na ubavuni imechapwa namba 500. Hapo ndipo penye shida kubwa zaidi.

Tuanze na namba hiyo, maana watu wengi huidhania kuwa ni nguvu ya mshale. Sivyo. Uti wa mshale huwekwa juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 28. Katikati yake hutundikwa uzito wa gramu 880, yaani karibu ratili mbili. Uti hunepa, kama mpiko unavyonepa begani mwa mchukuzi mwenye mizigo miwili. Kiasi kile ulichoshuka hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Ukishuka nusu inchi, hiyo ni 500. Ukishuka inchi 0.340, ni 340. Basi angalia: namba ikiwa ndogo, mshale ni mkakamavu, namba ikiwa kubwa, mshale ni mlegevu. Ni kinyume cha vile mtu angetazamia, na nadhani mishale mingi imenunuliwa vibaya kwa sababu hii tu.

Huenda utasema, "Lakini mimi siutundiki mshale wangu mzigo wowote." Ndiyo, ila upote wautundika. Shika ufito mrefu mwembamba, simamisha ncha yake ukutani, kisha usukume kwa nyuma kwa nguvu. Hauendi mbele, unajikunja katikati. Ndivyo mshale ufanyavyo upote unapouachia. Nyuma yake kuna nguvu kubwa inayosukuma ghafula, na mbele yake kuna chembe kizito ambacho bado hakijaanza kwenda. Katikati ni uti, nao hauna budi kunepa. Mhandisi Clarence Hickman wa Marekani aliipiga picha mishale kwa kamera ya kasi kubwa katika miaka ya 1930, na kunepa huku kukaonekana wazi.

Kunepa si ubaya. Kwa upinde wa zamani wa mti, mshale hukaa ubavuni mwa upinde, nao hupata njia kwa kujipinda ukizunguka mpini. Usiponepa kabisa, utagonga mti na kwenda upande. Upinde wa kapi umechongwa mpini wake hata mshale unapita karibu katikati, kwa hiyo hauhitaji kujipinda sana. Nao watumiaji wengi wa upinde huu huachia upote kwa kifyatulio, si kwa vidole, na hivyo mshale hunepa zaidi juu na chini kuliko kushoto na kulia. Lakini hunepa vilevile.

Sasa nikueleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililompoteza ndugu yetu. Upinde wa kapi ulibuniwa huko huko Missouri anakokaa, na Holless Wilbur Allen, aliyeomba hataza mwaka 1966 akapewa mwaka 1969. Kapi zake si kama zile za jahazi zinazopandisha tanga, kwa kuwa hazizunguki juu ya kitovu chake halisi; mhimili umewekwa pembeni. Kwa sababu hiyo uvutapo upote, uzito hupanda upesi mpaka kilele, kisha ukifika mwisho hushuka. Upinde wa ratili 65 wenye kupunguza asilimia 80 hukuachia ratili 13 tu mkononi. Mtu husimama pale dukani, amevuta, anaona mkono hautetemeki, anasema, "Kumbe upinde huu ni mwepesi," na anachukua mshale wa upinde mwepesi. Lakini mshale hausukumwi na ratili 13. Ukifyatua, upote unapita tena katika kile kilele cha 65, na mara hii kwa kufumba na kufumbua. Chagua mshale kwa uzito wa kilele, wala si kwa uzito unaousikia ukiwa umeshikilia.

Kuna mambo mawili mengine ya kupima: urefu wa mshale na uzito wa chembe. Urefu una nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Uti wa inchi 30 hunepa zaidi ya wenzake wa inchi 29, wa aina ile ile, kwa karibu sehemu moja ya kumi, ingawa umezidi inchi moja tu. Nacho chembe kikiwa kizito, uti hutumika kama mlegevu zaidi, kwa sababu mzigo wa mbele unakawia kuondoka. Vyembe hivi hupimwa kwa greni, ambazo 7000 ni ratili moja. Vilivyozoeleka ni vya greni 100 na 125.

Ukiwa na mambo hayo matatu, tazama jedwali la mwenye kutengeneza mishale ile ile unayotaka kununua, si jedwali la mwingine, kwani hayalingani kabisa. Kwa upinde wa ratili 60 na mshale wa inchi 28, majedwali mengi yatakuelekeza karibu na 400. Kwa ratili 65 na inchi 30, kama ndugu yetu, yataelekeza 340, na mengine 300. Yeye alikuwa na 500! Akikata inchi moja atapata nafuu ya sehemu moja ya kumi, naye anahitaji nafuu ya thuluthi. Wala asikate zaidi: mshale mfupi kuliko mvuto wake hurudi nyuma ya kikalio, na akifyatua hapo aweza kujitoboa mkono. Namshauri anunue mishale mingine. Najua ni gharama, nasikitika.

Ikiwa upinde wako umeangukia mpakani mwa namba mbili, mimi huchukua ile iliyo kakamavu zaidi. Katika upinde wa kapi mshale uliozidi ukakamavu kidogo mara nyingi husamehe; mlegevu hausamehi. Na chembe cha kuwindia huonyesha makosa yote, kwa kuwa makali yake ni kama mabawa mbele ya mshale. Mshale ukienda umejipinda, makali yanashika upepo na kuuongoza pembeni, huku manyoya ya nyuma yakishindana nayo. Chembe cha mviringo hakina mabawa, ndiyo maana ndugu yetu alipiga shabaha vizuri na mishale mibovu.

Jaribu hivi. Wamba karatasi katika fremu, weka kinga imara nyuma yake, piga mshale ukiwa umbali wa mita mbili. Tundu likiwa la mviringo na alama za manyoya pande zote, ni vema. Ukitumia kifyatulio kwa mkono wa kulia, na mkia umechana kuelekea kushoto, huenda uti ni mlegevu. Lakini angalia kwanza kama manyoya yanakwaruza kikalio. Kisha piga chembe cha mazoezi na chembe cha kuwindia kwenye shabaha moja, kwa umbali ule utakaowindia. Mpaka vitue pamoja, usiende msituni.

Na kabla ya kila pigo, shika uti wa kaboni kwa mikono miwili, uinamishe kidogo huku ukiuzungusha, usikilize. Ukisikia mlio wa kupasuka au ukiona ufa, uvunje uutupe. Uti wenye ufa hupasuka pale upote unaposukuma, na vipande vyake huingia katika mkono ulioshika upinde.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hawana namba ubavuni mwa mishale yao. Wao hupasha uti motoni na kuunyoosha kwa meno, wakiutazama kwa jicho moja, tena na tena. Ninyi mlio Kenya kumbukeni kwamba uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Piganeni na shabaha ya majani. Tanzania, msiwinde bila leseni.

Ndugu wa Missouri, niandikie ukishapiga karatasi, nijue tundu lilikuwaje. Juma lijalo, tukijaliwa, manyoya. Kwaherini.