Skrini ya Buluu Baada ya Matengenezo



Mtu hushuka na kompyuta mpakato kutoka Mtae hadi kwa fundi mjini, akabadilishiwa bodi kuu, akapanda nayo tena. Usiku anapoiwasha haoni picha aliyoizoea, bali skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Hicho si kirusi, wala si lazima fundi awe amekosea. Ni kufuli la BitLocker, ambalo kompyuta nyingi za Windows hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Diski imefungwa, na kifaa kidogo kilichotunza ufunguo kimeondoka pamoja na bodi ya zamani.

Basi msikubali upesi neno la “tuipige Windows upya.” Kompyuta itawaka, naam, lakini mitihani, hesabu za duka na picha za marehemu zitakuwa zimefutika. Tafuteni kwanza ufunguo huo kwa simu, katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ikiwa ni mali ya shule au ofisi, ulizeni huko. Ukikosekana, bodi ya zamani, kama ingali nzima, yaweza kurudishwa na diski ikafunguka. Ndiyo maana twasisitiza mteja adai kifaa kilichotolewa, pamoja na risiti inayotaja kilichobadilishwa. Wapo mafundi wanaobaki nacho kana kwamba ni chao.

Skrini ikilalamikia tarehe na saa tu, hilo ni dogo: mara nyingi betri ya saa ilichomolewa au imechoka. Fundi airekebishe mbele yenu kabla hamjaondoka.