Wakumbukeni Waliofungwa



Tarehe 28 Julai 1979, jijini Addis Ababa, Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, alitekwa alipotoka ibadani, kisha akauawa. Alikuwa ameshauriwa aikimbie nchi, akakataa kuliacha kundi. Mkewe, Tsehay Tolessa, alikaa gerezani miaka karibu 10. Kaburi la mumewe halikujulikana hadi mwaka 1992, utawala wa Derg ulipokwisha kuanguka.

Waebrania 13:3 huagiza wafungwa wakumbukwe. Basi usharika wa Babati, unaoabudu pasipo hofu, na uwataje wanaoteswa katika kila Sala ya Kanisa. Aliyepewa amani anadaiwa maombi.

Bwana awatie nguvu. Amina.