Msukosuko wa Hewa Pasipo Wingu



Mara nyingi mmeiona ndege ikienda kutua Kavumu. Pengine abiria hushuka akisimulia: “Mbingu zilikuwa safi, ghafula ndege ikaanguka kama jiwe, kisha ikainuka tena.” Na mmoja wa wanaomsikiliza hunong’ona: “Huo ni mkono wa mtu.” Je, ndivyo?

Utazameni mto Ruzizi. Maji yakikuta jiwe kubwa hupanda juu yake, kisha hushuka kwa nguvu na kuviringika nyuma yake. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Upepo mkali ukivuka mlima, huinuka, hushuka, na kufanya mawimbi upande wa pili. Tena juu sana, kadiri ya meta 10,000, uko upepo uendao mbio kama mto. Unapopakana na hewa ya polepole, hewa huvurugika. Radari ya ndege hutambua matone ya maji yaliyo mawinguni. Hewa kavu haina matone. Kwa hiyo rubani haioni hatari hiyo, wala kwa macho wala kwa radari.

Tarehe 5 Machi 1966, ndege ya Boeing 707 iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong. Mbingu zilikuwa safi, na upepo mkali ulikuwa ukiuvuka mlima Fuji. Karibu na mlima huo ndege ilivunjika angani, wakafa watu wote 124. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea ilikutwa na msukosuko mkali kuliko nguvu zake.

Ajali ya namna ile ni nadra mno, kwa maana ndege hujengwa ili ivumilie misukosuko. Aumiaye mara nyingi ni yule asiyejifunga mkanda, kwani ndege ishukapo ghafula, yeye hurushwa hata darini.

Sasa tujiulize.

Swali: Ni nani aitikisaye ndege pasipo wingu?
Jibu: Si mtu, ni hewa iliyovurugika.

Swali: Abiria afanye nini?
Jibu: Afunge mkanda wakati wote aketipo, hata mbingu zikiwa safi.

Swali: Na amtajaye mama mzee wa jirani kuwa ndiye aliyeiloga ndege?
Jibu: Amemshuhudia jirani yake uongo. Tena mama huyo aweza kupigwa na kufukuzwa nyumbani mwake, kwa kosa la upepo.