GARI KUBWA LIHARIBIKAPO NJIANI
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwezi)



Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kalamu na jalada, kama ninyi. Lakini kila mmoja wetu hupanda basi aendapo likizo au apatapo uhamisho. Wazee walisema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, ila ile ajali ya pili, izaliwayo na uzembe wetu baada ya gari kusimama, hiyo ina kinga.

Safari moja nilikuwa nikienda Iringa. Tulipokuwa tukipanda mlima Kitonga usiku, mpira wa nyuma ulipasuka kwa kishindo. Dereva akaliweka gari kando. Mara abiria wakashuka, na wengine wakaketi juu ya lami nyuma ya basi, hata akina mama wakalaza watoto pale pale. Utingo akatia jeki juu ya udongo laini, akajiingiza chini ya gari. Nami nilisimama nikitazama, nikasema moyoni, "Si kazi yangu." Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa dereva siku za ujana wake, alipopaza sauti: "Mwanangu, toka! Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea." Kijana akatoka akinung'unika. Kabla gogo halijaletwa, jeki ikazama, na basi likashuka kwa nguvu juu ya mahali pale alipokuwa amelala. Hakuna aliyesema neno.

Tangu usiku ule nimewauliza mafundi maswali mengi, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza ni watu, kisha gari. Abiria wote washuke kwa upande usiopitiwa na magari, wakae mbali na barabara, wala asiketi mtu mbele au nyuma ya basi. Taa za hatari ziwashwe, na pembetatu ziwekwe mbali, hatua mia au zaidi. Na ikiwa pana kona, ziwekwe kabla ya kona, maana alama ionekanayo pamoja na gari lenyewe haina faida.

Pili, mpira. Magurudumu yasiyoinuliwa yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo gari lingali chini. Jeki isimame juu ya ubao mpana. Na gogo imara litiwe chini ya ekseli kabla mtu hajaingiza hata mkono. Nati hukazwa kwa kukabiliana, si kwa kuzunguka mfululizo, nazo hutazamwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi.

Tatu, maji yakichemka, mtu asifungue kifuniko cha rejeta upesi, kwani mvuke utamchoma uso. Angoje ipoe, ndipo afungue kwa kitambaa, pole pole. Wala maji baridi yasimiminwe ndani ya injini iliyo moto sana, isije ikapasuka.

Nne, basi la dizeli likiishiwa mafuta, kujaza tangi pekee huenda kusitoshe, maana hewa imeingia katika mabomba. Fundi hulegeza skrubu ya kutolea hewa, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakome.

Tano, breki za upepo. Katika mabasi mengi makubwa upepo ukivuja, springi huyashika magurudumu ya nyuma, na gari hukataa kwenda. Huo si ukaidi, bali ni ulinzi. Anayezifungua springi hizo mlimani bila kuweka mawe, amelifungulia gari njia ya bondeni.

Mwisho, kazi ikiisha, mawe na matawi yaondolewe barabarani. Sisi twaenda zetu kwa furaha, na jiwe tuliloliacha lamngoja mwendesha pikipiki gizani.

Labda mtaniuliza, karani ana kazi gani katika hayo? Anayo. Ashike taa. Awaongoze watu kando. Na kabla ya kuondoka, awahesabu. Usiku ule niliomba orodha ya abiria, nikaita majina; bibi mmoja hakuitika. Tukamkuta nyuma ya kichaka, akijifunga kanga, wala hakujua kwamba injini ilikuwa imekwisha kuwashwa. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya, nayo niliifanya kwa haya ya kunyamaza kwangu hapo kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, uonapo mtu akiingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, usiseme si kazi yako. Mwite atoke. Akinung'unika, na anung'unike; aliye hai ndiye anung'unikaye.