Gari Linalotetemeka Barabarani

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya manufaa ya sayansi katika maisha. Kichwa hicho ni kikubwa kuliko mimi. Naomba ruhusa nizungumze juu ya gari langu, maana humo ndimo nilimoyaona manufaa hayo, na aibu pia.

Mwaka 2011 nilikuwa naishi Morogoro, nina Land Rover 110 ya shamba. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgonjwa wa mgongo, na kila mwezi ilinibidi nimpeleke Dar es Salaam kwa matibabu. Safari moja, tulipofika lami nzuri, gari likaanza kutetemeka. Kwenye njia ya shamba lilikuwa tulivu kabisa. Kuanzia kilomita 80 kwa saa sakafu ilinguruma, na kwenye 90 kile kioo cha kutazamia nyuma kilionyesha ukungu mtupu. Kaka alishika dirisha kwa mikono miwili. "Mdogo wangu," akasema, "afadhali tungepanda punda." Tukaenda kwa 60 mpaka Dar, karibu kilomita 200, naye akifumba macho kila tulipopita kwenye kiraka.

Wiki ile gari lilikuwa limefanyiwa mambo mawili. Kijana mmoja wa matairi, kando ya barabara, alikuwa amenifungia matairi mapya na kuyabalansi. Na Jumamosi, uani kwangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha kiungo cha propela ya nyuma, kile chenye umbo la msalaba. Mnadhani nilikumbuka lipi? Nilirudi kwa yule kijana nikamfokea mbele ya wateja, nikakataa kumlipa salio lake, na tajiri wake nikamweleza kwamba kijana huyo anahatarisha maisha ya watu. Kijana akasema, "Mzee, naomba tuyapime tena." Sikutaka.

Basi nilikuwa na hakika, na hakika yangu ilikuwa na hesabu ndani yake. Tairi langu huenda karibu mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa 90, yaani mita 25 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 10 kila sekunde. Chukua tope la gramu 200 lililokauka ndani ya rimu, sentimita 20 kutoka katikati. Kwa mwendo huo tope hilo linavuta kwa nguvu kama uzito wa kilo 16, likizunguka pande zote mara 10 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo nusu, nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana gari la shamba huficha ugonjwa wake mpaka lifike lami. Na ninyi mnaotoka mashambani, kabla hamjamlaumu mtu, ingieni chini ya gari na bisibisi mkakwangue upande wa ndani wa rimu. Wengi wamenunua matairi mapya kwa sababu ya tope.

Hesabu ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba niliishia hapo. Rimu zangu zilikuwa safi, na matairi nilipoyapeleka kupimwa kwingine yalionekana hayana kosa. Nikahamisha magurudumu ya mbele nikayapeleka nyuma, mtetemeko haukuhama. Hapo ndipo nilipokaa kitako nikaanza kufikiri kama mtu aliyesoma hapa.

Kwanza nilijiuliza ni wapi panapotikisika. Gurudumu la mbele likiwa na kosa, mara nyingi usukani ndio hucheza mikononi. Wangu ulikuwa umetulia. Kilichotikisika ni kiti na sakafu. Pili, mahali palipo tambarare, barabara ikiwa tupu, nilifika 90 nikaweka gia frii. (Injini msiizime, maana usukani na breki vitakuwa vizito.) Injini ikatulia kwenye mwendo wake wa kusimama, mngurumo ukaendelea vilevile, ukapungua tu gari lilipopunguza kasi. Basi si injini wala klachi. Tatu, niliusikiliza. Mtikisiko wa gurudumu huja kama mapigo ya ngoma. Huu ulikuwa mvumo wa nyuki. Difu ya gari lile huigeuza shafti karibu mara tatu na nusu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Shafti basi ilikuwa inazunguka mara 35 kwa sekunde.

Nikafungua propela ya nyuma nikaiweka kando, nikafunga difu ya katikati, nikaenda kwa magurudumu ya mbele peke yake. Tahadhari: breki ya mkono ya gari hilo hushika shafti, haishiki magurudumu, kwa hiyo weka mawe chini ya matairi kabla hujafungua nati hata moja. Nilipofika 90 gari lilikuwa kimya kama msikiti mchana wa kazi. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, kwa kuwa propela ile hakuna aliyeigusa ila mimi.

Kosa lilionekana mara tu nilipoilaza mezani. Kiungo cha msalaba kinapofanya kazi kikiwa kimepinda, shafti iliyo mbele yake haiendi sawasawa. Huharakisha na kupoa mara mbili kwa kila mzunguko. Kiungo cha pili hufanya kinyume chake, na kosa la kwanza likafutwa. Lakini kufuta huko kunataka uma wa ncha moja na uma wa ncha nyingine vilale katika mstari mmoja. Propela yangu ina meno katikati ili irefuke na kufupika. Niliichomoa bila kuweka alama, nikairudisha nimekosea meno mawili. Magari mengine propela ya mbele imeundwa makusudi isilingane, kwa hiyo someni kitabu cha gari. Yangu ya nyuma ilitakiwa ilingane. Msalaba mpya, wa wiki chache tu, ulikuwa tayari umeanza kulegea. Ungekatika kwenye mwendo ule, kaka yangu akiwa ndani, sijui ningewaeleza nini watoto wake.

Kumrekebisha yule kijana kulikuwa kugumu kuliko shafti. Pale kando ya barabara hakuwapo. Tajiri alikuwa amemfukuza. Nilimkuta baada ya miezi mitatu, anaziba tyubu za baiskeli chini ya mwembe. "Shikamoo mzee," akasema, kama vile hakuna lililotokea. Nikampa salio lake na nyongeza, nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Pesa alizihesabu, akatoa nyongeza akanirudishia. Kisha akauliza kosa lenyewe lilikuwaje, nikamchorea mavumbini zile uma mbili kwa kijiti. Tajiri wake nilimwendea siku hiyohiyo, akanisikiliza, lakini nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Shafti yenyewe, iliyostaafu sasa, imo nyuma ya gari langu hapo nje, na alama mbili za rangi nyeupe. Vijana wa Kidato cha Nne wanaotaka kuizungusha kwa mkono waje baada ya chai.