Anayeuliza Maswali: Mratibu Chipukizi katika Utafiti wa Ubongo na Afya ya Akili



Makala ya kitabibu inapochapishwa, mratibu wa utafiti akibahatika hutajwa kwenye shukrani. Leo namzungumzia huyo wa kwenye shukrani: kijana mwenye shahada ya kwanza, pengine ya saikolojia au uuguzi, aliyeajiriwa juzi kuratibu utafiti wa kiharusi, kifafa, sonona au usahaulifu wa uzeeni. Dai langu ni kwamba katika fani hizi kipimo chetu kikubwa bado ni mazungumzo, na mara nyingi anayeyaendesha ni yeye.

Malaria ina hadubini. Usahaulifu huanza kupimwa kwa mtu kumuuliza mtu. Kipimo mashuhuri cha MMSE, cha mwaka 1975, kina alama 30. Kati ya hizo, 5 ni za kutoa saba saba kuanzia 100, na 3 nyingine ni za kusoma, kuandika sentensi na kunakili mchoro wa pembetano mbili. Bibi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, aliyelima kahawa maisha yake yote bila kuingia darasani, anaweza kupoteza alama hizo nane na ubongo wake ukawa mzima kabisa. Ndiyo maana kikatengenezwa kipimo cha IDEA, kilichoanzia Hai hukohuko, ambacho miongoni mwa mambo mengine humtaka mzee apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano na akumbuke maneno aliyosomewa.

Hata hivyo, kipimo kizuri hakijiulizi chenyewe. Mratibu huanza na shikamoo, akaulizia mifugo na migomba, ndipo afike kwenye swali gumu: kumuuliza mtu wa miaka themanini leo ni siku gani, bila kumfanya ajione anadharauliwa na mjukuu. Binti ameketi pembeni. Akiona mama anasita, anamnong'oneza jibu. Mratibu asiyeijua kazi huliandika. Anayeijua alikwisha mwomba binti, kwa adabu, avute subira, kwani zamu yake ya kuulizwa inakuja. Naye mwenyewe huruma isimponze. Kumwongezea mzee muda, au kuitikia kwa kichwa jibu linapokaribia, ni kuharibu takwimu kwa upendo, na hakuna mtaalamu wa takwimu atakayeligundua kosa hilo baadaye.

Makaratasi ni rahisi zaidi, ingawa ndiyo yanayotisha wageni. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, maandishi ya awali yakabaki yanasomeka, kisha tarehe na herufi za jina. Asiyejua kusoma husomewa fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiyefungamana na utafiti. Hayo kijana makini huyashika upesi.

Swali la tisa la dodoso la sonona, PHQ-9, ni jambo jingine. Linauliza kama mtu amewaza kwamba heri afe, au ajidhuru. Jibu likiwa ndiyo, haifai kutia alama na kufungua ukurasa mwingine. Mshiriki haachwi peke yake, na daktari wa utafiti anaitwa papo hapo. Kumtuma kijana kuuliza swali hilo kabla hajaambiwa atampigia nani simu ni uzembe wa wakubwa wake, si wake.

Halafu kuna mwisho wa mradi, ambao vyuo vyetu haviupendi. Mama aliyekuwa akipewa dawa za kifafa za mwanawe kupitia utafiti hampigii profesa simu. Humpigia mratibu: mwanangu, dawa zinaisha lini? Dawa hizo zikikatwa ghafla, degedege laweza kurudi kwa nguvu na kuua. Mratibu hana bajeti wala duka la dawa. Kwa hiyo naziomba kamati za maadili zisipitishe utafiti wowote wa namna hiyo kabla ya kuonyeshwa, kwa maandishi, kliniki itakayompokea mtoto huyo na nani atalipia dawa.