Kipimo cha Kwanza: Mionzi katika Udongo, Maji na Chakula cha Kusini



Nimekuja kuzungumza juu ya kupima mionzi mahali pasipo na kinu cha nyuklia wala mgodi wa urani. Wapo walioniuliza kwa nini nisiende Namtumbo, kunakotarajiwa mgodi wa urani. Huko nako kuna kazi. Lakini hoja yangu leo ni kwamba Chiungutwa, hapa wilayani Masasi, na uwanda wote wa Makonde upimwe sasa hivi, wakati hakuna mwenye hofu, kwa sababu kipimo cha kwanza kikishakosekana hakirudi.

Mionzi ipo hapa tayari. Milima ya Masasi ni ya mawe ya kale sana, na mawe ya aina hiyo hubeba urani, thoriamu na potasiamu kwa asili. Kwa wastani, mwanadamu hupokea mionzi ya milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye hewa anayovuta na chakula anachokula. Kipimo kingine ni bekereli: atomu moja kuvunjika katika sekunde moja. Kilo moja ya korosho ina bekereli 200 hivi, kwa sababu ya potasiamu iliyomo, na korosho hiyo ni salama. Nasema haya kwa kuwa mtu akiweka kifaa chini kikaanza kulia, hudhani amegundua sumu. Kifaa kitalia popote. La kuuliza ni hili: mwaka jana, papa hapa, kililia kwa kiasi gani?

Tazameni yanayotokea kipimo kisipowekwa mapema. Oktoba 1957 kinu cha nyuklia cha Windscale, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilishika moto. Iodini-131, yenye mionzi, ilipeperuka, ikatua kwenye majani, ng'ombe wakayala, nayo ikatokea katika maziwa. Wataalamu walilazimika kuamua kwa haraka ni kiwango gani cha iodini katika maziwa kisivumiliwe, maana hakikuwa kimewekwa. Maziwa ya mashamba katika eneo la takriban kilomita za mraba 500 yakazuiwa na kumwagwa. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa hatari ikawa imepita. Ninachokithamini katika kisa hiki ni kwamba watu wale waliifuata njia ya chakula: kutoka jani hadi ng'ombe, na kutoka ng'ombe hadi mtoto.

Sasa tujiulize njia hiyo kwetu inapita wapi. Mpango wa vipimo ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya utatutuma kwenye maziwa. Huku uwandani maji ni shida ya tangu enzi, na nyumba nyingi hunywa mvua iliyokingwa kwenye bati na kuhifadhiwa tangini. Kitu chochote kinachoshuka na mvua kinaingia humo moja kwa moja, bila kuchujwa na udongo, na tope lililotuama chini ya tangi hukusanya vumbi la miaka. Mimi ningeanzia kwenye tope hilo. Kisha ningekwenda kwenye mihogo, na kwenye ming'oko, ambayo huchimbwa porini na kufika jikoni na udongo wake. Kisha uyoga wa masika: baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986, uyoga wa misitu ya Ulaya ulionekana kukusanya seziamu-137 nyingi kuliko mazao mengi ya shambani, na seziamu hiyo huchukua miaka 30 kupungua nusu. Wanaojua uyoga gani huota wapi ni mama zetu. Hakuna mtaalamu wa kutoka mjini atakayeupanga mpango huu vizuri bila wao.

Turudi Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali eneo la Mto Mkuju, wilayani humo, litolewe katika mipaka ya Pori la Akiba la Selous ili urani ichimbwe. Mwaka uliofuata leseni ikatolewa, lakini bei ya urani ilikuwa imeanguka baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima ya 2011, na uchimbaji ukasogezwa mbele. Julai 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa. Urani ikishaondolewa kwenye mwamba, radiamu hubaki katika tope la mabaki, na radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mabaki hayo yatahitaji kuangaliwa na vizazi ambavyo havijazaliwa.

Maji ya Mkuju huingia Mto Luwegu, kisha Mto Rufiji. Hayashuki huku kwenye Mto Ruvuma. Nasi tuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mkuju, upande ambao upepo wa kusi hautuletei vumbi lake. Ndiyo maana tunafaa kuwa kituo cha kulinganishia. Seziamu ikionekana kwa watu wa Namtumbo na kwetu kwa pamoja, imetoka mbali, angani. Radiamu ikipanda kwenye maji ya kwao peke yake, mgodi utaulizwa. Bila kituo kama hiki, kila upande utakuwa na maneno yake na hakuna atakayethibitisha lolote.

Kazi yenyewe inataka subira. Udongo hukaushwa, hupondwa, huchekechwa, kisha huzibwa chomboni kwa takriban wiki 4 ili gesi ya radoni isitoroke, na ilingane na radiamu iliyoizaa. Ndipo husomwa kwa kipima mionzi cha jerimani (germanium) kilichopozwa kwa baridi kali. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ina maabara Arusha, na ndiyo hutoa vyeti vya mionzi kwa vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Korosho ikisafirishwa hupimwa kwa ajili ya mlaji wa ng'ambo. Naomba maji ya mkulima wake yapimwe kwa bidii ileile.

Ombi langu kwa halmashauri na kwa vyuo vyetu ni hili: sampuli zichukuliwe mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, mahali palepale, kwa kina kilekile cha udongo. Walimu wa fizikia wa sekondari zetu wafundishwe kuzichukua. Na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji, nakala moja ibaki shuleni, hata mwaka ambao namba hazikubadilika.